Mashimo Kwenye Theluji

Kianjai,
Jumatatu, 20 Januari 2025

Kwako Salesio Muthamia,

Ninaandika kwenye karatasi kwa sababu namba yangu umeifunga. Nilipiga kwa simu ya dada yangu, ukasikia sauti yangu ukakata. Nikapiga kwa simu ya mwenye kinu, ukakata tena. Barua hii naipeleka kwa Abdi mwenye bucha, hapo Majimbo karibu na unapopanga, na nimemwomba akupe mkononi wateja wakiwepo. Karatasi huwezi kuikata ikiongea.

Sikuiti shemeji. Shemeji alikuwa yule mtu aliyekuwa akishuka mlimani na mume wangu Mutwiri, anavulia viatu vyenye matope mlangoni kwangu, anakula githeri hadi sufuria inalia. Miaka sita. Mtu huyo sijamwona tangu tarehe kumi na sita Novemba, siku mlima ulipomchukua Mutwiri. Kwenye mazishi ulisimama nyuma karibu na ua wa ng'ombe, na kabla udongo haujaisha ulikuwa umepanda pikipiki umeondoka.

Wiki iliyopita baba mkwe wangu alipelekwa Chogoria na mpwa wake. Kwenye ubao wa chama chenu cha waongozaji akakuta ripoti imebandikwa, na kila apitaye anaisoma. Amenisomea maneno yake kwa kichwa, yamemkaa kama mwiba: "Msaidizi Mutwiri Kaimenyi aliacha njia iliyowekwa alama, akawapeleka wageni watano upande usiofaa kinyume cha maagizo ya kiongozi, jambo lililosababisha kifo chake." Chini yake sahihi yako.

Tangu siku hiyo mzee haendi sokoni. Shuleni, mtoto mwenzake amemwambia mwanangu Ntinyari kwamba baba yake alikuwa karibu kuua watu. Ntinyari yuko gredi ya sita, Salesio. Alirudi nyumbani akaniuliza kama ni kweli baba alikuwa hajui njia.

Mutwiri hajui njia! Mutwiri aliyekuwa akifika barabarani anarudi nyumbani kuangalia kama jiko limezimwa. Ndiye mliyekuwa mkimcheka kwa kupanda polepole na kugeuka nyuma kila baada ya hatua kumi kuangalia mlima utaonekana vipi wakati wa kushuka.

Na vile vijiti vyenu vya mwanzi vya kuwekea njia alama kwenye theluji, vitambaa vyake vyekundu nani alishona? Mimi. Arobaini, kwenye cherehani yangu, kutoka mabaki ya majoho ya kwaya. Mutwiri aliviinua kimoja kimoja mlangoni siku ya ukungu, akaenda hadi kwenye migomba, akanipigia kelele, "Unakiona? Na sasa?" Mtu wa namna hiyo ndiye unayesema aliacha alama.

Nina swali moja, na ujibu hilo tu. Asubuhi ile, Mutwiri alipoanza kushuka kutoka kilele cha Lenana na wale wageni, vijiti vilikuwa wapi?

Makandi,
mke wa Mutwiri


Majimbo, Embu,
Jumatatu, 27 Januari 2025

Mama Ntinyari,

Salamu. Barua nimepata. Abdi aliita jina langu kwa sauti, watu wote buchani wakageuka. Ulivyotaka ndivyo ilivyokuwa.

Kwanza naomba usinitukane. Mimi pia nilipoteza mtu. Wewe ulimzika, lakini sisi ndio tuliomtoa kule chini siku ya pili, wanaume wanane kwa kamba, na mimi ndiye niliyemfunika uso kwa jaketi langu. Hilo hukuliandika.

Pili, mlima ule wewe hujaupanda. Theluji ya Novemba si ile mnayoiona kutoka Kianjai asubuhi, nyeupe na nzuri kama chumvi. Inaanguka na upepo, ukungu unafunga, huoni viatu vyako. Nyayo ulizoacha ukipanda zinafukiwa kwa nusu saa. Ukishuka, kila upande unafanana, na ule mbaya ndio unaoonekana laini zaidi. Upande wa mashariki unateremka polepole kama shamba, halafu hakuna kitu, ni genge mpaka bondeni. Ndiyo maana tunaweka vijiti wakati wa kupanda.

Ulichouliza nimekijibu kwenye ripoti. Njia ilikuwa na alama. Waokoaji na askari wa mlima waliokuja jioni waliviona vijiti kwa macho yao, kutoka kwenye theluji ya chini hadi karibu na kilele. Waulize.

Kanuni tuliyofundishwa wote, mimi na Mutwiri tukikaa benchi moja, ni hii: ukipotea usiendelee kushuka, rudi hadi alama ya mwisho uliyoiona. Mutwiri aliijua. Kwa nini hakuifuata, mimi siwezi kumjibia.

Mwambie mzee nimesikitika. Naomba tumwache marehemu apumzike, na sisi tuliobaki tupumzike.

Wako,
Salesio Muthamia


Nkubu,
Jumamosi, 8 Februari 2025

Kwa Mama Ntinyari,

Shikamoo mama. Mimi ni Beverlyne, mmoja wa wale wageni watano. Nimepata ujumbe wako kupitia kwa shangazi yangu anayenunua sare kwako. Samahani kwa kukawia. Mkono wangu wa kulia ulivunjika siku ile na bado kuandika kunauma, lakini nilitaka kuandika mwenyewe.

Tulikuwa sita kutoka ofisini kwetu. Mwenzetu Njoki alizidiwa tukiwa karibu kabisa na kilele, anatapika na kuyumba. Salesio akamkalisha nyuma ya mwamba kando ya njia akasema, "Mutwiri, peleka hawa juu mrudi haraka, mimi niko hapa na huyu. Mkishuka mnipitie." Tukapanda watano na bwana yako.

Huko juu tulichelewa, na makosa ni yetu. Tulibeba bendera ya ofisi, kila mtu akataka picha, upepo ukawa unaikunja. Mutwiri alisema mara tatu, "Tushuke, tushuke jamani." Sisi tukicheka. Nakuomba msamaha kwa hilo, nalifikiria kila siku.

Tulipoanza kushuka ukungu ulikuwa umefunga. Tukafika kwenye ule mwamba. Njoki hakuwepo, wala Salesio. Mutwiri akaita sana. Akaangalia chini, akapiga magoti, akawa anapapasa theluji kwa glavu. Nilimwuliza anatafuta nini. Akasema, "Mlango wa nyumba." Nilidhani anatania. Tulienda kidogo, akapiga magoti mara ya pili, kisha ya tatu, akapapasa tena. Kisha akasimama, akageukia pembeni na simu yake.

Hapo ndipo alipotupandisha juu ya jiwe kubwa lililokuwa wazi. Alisema maneno haya, nayakumbuka yote: "Hapa ni salama. Mkisimama hamtaanguka. Ninaenda hatua chache kutafuta njia, halafu narudi. Nikiwaita msije. Msitoke hapa mpaka mnione uso. Na muimbe, nisikie mlipo." Alienda kushoto, akarudi ndevu zimeganda. Akaenda mbele, akarudi, akatugawia chokoleti yake akasema yeye hapendi vitu vitamu. Mara ya tatu akaenda kulia. Tulisikia sauti kama gunia likiburutwa, fupi tu. Hakuita. Hatukumsikia tena.

Mama, sisi tuliendelea kuimba. Tuliogopa tukinyamaza hatarudi. Mwenzetu mmoja alitaka kwenda kumtafuta, tukamshika kwa nguvu, ndipo nikateleza juu ya jiwe mkono ukavunjika. Tuliimba kila wimbo wa kanisa tunaoujua, kisha tukaanza upya, mpaka saa saba mchana Salesio alipotokea kwenye ukungu.

Umeniuliza kuhusu vijiti. Asubuhi tukishuka sikuona hata kimoja. Lakini mchana Salesio alipotuongoza, vilikuwepo, vyekundu, kimoja baada ya kingine. Nilifikiri ni macho yangu ya asubuhi. Niliandika hivyo kwenye karatasi ya maelezo niliyopewa na ile kampuni iliyotupeleka. Sijui karatasi ile iliishia wapi.

Mume wako hakutupoteza. Sote watano tuko hai kwa sababu alituambia tusimame.

Ni mimi,
Beverlyne


Kianjai,
Jumatatu, 17 Februari 2025

Salesio,

Nilikuuliza swali ambalo jibu lake ninalo. Nilitaka kuona utaandika nini. Umeandika.

Sasa nikueleze jambo ambalo hata baba mkwe hajui. Simu ya Mutwiri mlinirudishia pamoja na nguo, ndani ya mfuko wa plastiki. Ilikuwa imeingia maji. Niliiweka kwenye mchele kama watu wanavyosema, nikaisahau huko, sikutaka kuiona. Wiki moja kabla ya Krismasi nikaitoa mchana mmoja nikaichaji. Ikawaka. Nikawa naangalia picha ya Ntinyari iliyo mbele. Ilipopata mtandao, simu yangu mimi ikalia mfukoni mwa aproni. Nikatazama. Ujumbe wa sauti kutoka kwa Mutwiri.

Unajua mwili wangu ulifanya nini? Niliangalia mlangoni.

Aliurekodi saa mbili na dakika kumi asubuhi ile, ukakosa mtandao ukakaa humo mwezi mzima. Nakuandikia neno kwa neno.

"Makandi, sina mtandao lakini labda hii itapita. Tuko chini ya kilele, ukungu ni mwingi. Mpigie Salesio, mwambie asimame alipo apige filimbi. Vijiti ameving'oa. Nimepata shimo la kwanza na la pili na la tatu, vijiti havimo. Sijui kwa nini, labda alidhani tumeshapita. Mwambie tuko nyuma yake. Wageni nao wote watano."

Basi. Upepo, halafu inakatika.

Umesikia vizuri? Hata kwenye mashimo alikuwa anakutetea. "Labda alidhani tumeshapita." Nawe umepata muda wa kutosha, joto la kutosha, meza na kalamu, ukakaa ukaandika kwamba yeye ndiye aliyeacha alama.

Umenifundisha kanuni, ati arudi hadi alama ya mwisho aliyoiona. Alama ya mwisho ulikuwa umeibeba mkononi, Salesio.

Na kijana wa watu Beverlyne amenieleza vijiti vilirudi vipi mchana. Havikuota. Uliving'oa ukishuka, ukavichomeka tena ukipanda kuwatafuta, na waokoaji walipofika jioni ukawaonyesha kwa kidole. Si ndivyo?

Kwa miezi miwili nimekunywa chai na sauti hiyo. Ningeweza kuipeleka Chogoria siku ile ile. Sikupeleka kwa sababu nilijiambia: Salesio atakuja. Huyu amekula kwangu, atakuja mwenyewe, atakaa kwenye kile kiti cha kamba, ataniambia, "Makandi, nilikosea." Ningekupigia kelele. Pengine ningekurushia kitu. Lakini ungekuwa umekuja.

Badala yake umeniambia nimwache marehemu apumzike. Marehemu huyo umemkalisha kwenye ubao!

Makandi


Kianjai,
Jumatatu, 10 Machi 2025

Salesio,

Wiki tatu. Abdi anasema barua aliiweka mkononi mwako na uliisoma umesimama, ukaondoka ukasahau nyama yako kwenye mizani.

Mzee Kaimenyi amesikia sauti ya mwanawe. Nilimwekea jana baada ya kanisa. Alitaka kupanda gari kuja Embu na panga. Nimemzuia mimi, si kwa ajili yako.

Vijana wa parokia moja huku Tigania wanapanda Pasaka, wakati wa masika, theluji ikiwa vilevile. Wataambiwa kisa cha Mutwiri ili wajifunze. Watafundishwa: msimfuate msaidizi, fuateni vijiti. Hakuna atakayewafundisha kwamba anayeng'oa vijiti ahesabu watu kwanza, kwa sababu wewe umeficha kwamba hilo ndilo lililoua. Mtu wa pili akifa kwa kosa lile lile, huyo hutasema ni ukungu.

Nakupa hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo sauti hii itasikika kila mahali penye simu.

Makandi


Majimbo, Embu,
Ijumaa, 14 Machi 2025

Mama Ntinyari,

Ni kweli. Yote uliyoandika ni kweli. Nimeandika barua hii mara tano, na kila mara najikuta nikianza na theluji. Leo naanza na mimi.

Nilikaa na Njoki nyuma ya ule mwamba kama nusu saa. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, alikuwa anaongea maneno yasiyoeleweka. Nilijua asiposhuka upesi atanifia mikononi. Ndipo nikasikia watu wanapita kwenye ukungu, viatu vingi, kicheko, mtu akisema, "Twendeni chini." Niliita, "Mutwiri!" Sauti ikajibu, "Tunashuka!" Nikamwinua Njoki, nikawafuata.

Hawakuwa wao. Kilikuwa kikundi kingine kilichopanda kutoka upande wa pili. Wenzangu walikuwa bado kileleni na bendera yao.

Sikuenda kuangalia. Hatua hamsini, Makandi. Hata hamsini hazifiki. Sikupiga filimbi, na filimbi ilikuwa shingoni. Sikuhesabu mtu. Wa mwisho kushuka ndiye hukusanya vijiti, hatuachi takataka mlimani, na mimi niliamini ni wa mwisho. Mkono mmoja nimemshika Njoki, mkono mwingine nang'oa. Nilikuwa naona fahari, nikikumbuka sasa. Nilijiona kiongozi hodari, namwokoa mgonjwa na bado nafanya usafi.

Nilifika kwenye banda tulilolala saa tatu na robo. Mpishi alikuwa ameandaa chai ya watu wanane. Akaniuliza, "Wengine wako wapi?" Nikaangalia mkononi. Vijiti vyote thelathini na sita tulivyokuwa tumechomeka, nilikuwa nimevikumbatia kama kuni.

Nilirudi mbio. Nilivichomeka nikipanda kwa sababu ningehitaji njia ya kuwarudisha, hapo sikuwa na hila, naapa. Hila ilikuja baadaye. Nilipowapata kwa sababu ya zile nyimbo zao, nikahesabu watano, nikauliza, "Mutwiri yuko wapi?" wakanionyesha kulia. Niliona alama ya mteremko kwenye theluji na mwisho wake. Nililala kwa tumbo nikachungulia, nikaita hadi koo likatoa damu.

Jioni afisa mmoja wa uokoaji alitazama vijiti akatikisa kichwa. Akasema, "Alama zote hizi, na bado akapotea?" Nikanyamaza. Uongo wangu wa kwanza ulikuwa kunyamaza tu. Asubuhi yake mwenye kampuni akasema ripoti iende haraka kabla magazeti hayajauliza, akaniambia, "Wewe andika ulivyomwambia afisa." Lakini sikuwa nimemwambia chochote. Nikaandika. Mkono ulikuwa wangu, sitamsukumia yeye.

Namba yako niliifunga kwa sababu kila ikiita nilikuwa naona kwenye kioo "Mutwiri Nyumbani", ndivyo nilivyokuwa nimeihifadhi.

Sikuombi chochote. Chama kina mkutano Chogoria tarehe ishirini na tisa, wa kupanga safari za Pasaka. Nitasimama hapo.

Salesio


Kianjai,
Jumanne, 18 Machi 2025

Salesio,

Nimesoma. Hasira yangu nilidhani itapungua nikisikia ukweli. Imeongezeka. Sasa najua ni hatua hamsini.

Nenda huo mkutano. Na usiongee kwa mdomo tu, watu husahau wanachosikia. Peleka ripoti nyingine iliyoandikwa, ile ya kwanza ing'olewe ubaoni wakiona, mpya ibandikwe pale pale. Kisha uende polisi uandikishe taarifa yako upya. Mzee anataka hivyo, nami nataka.

Makandi


Majimbo, Embu,
Jumanne, 1 Aprili 2025

Mama Ntinyari,

Nimefanya. Nakueleza ilivyokuwa kwa sababu najua wengine watakueleza, na kila mmoja atakuwa na yake.

Tulikuwa kama watu sitini, waongozaji na wapagazi. Mwenyekiti akasema kuna mwenzetu ana neno. Nikasimama nikasoma karatasi. Nilipofika kwenye "mimi ndiye niliyeving'oa" mpishi wetu wa siku ile akasema kutoka nyuma, "Nilijua. Nilikuona umevikumbatia. Nikajiambia si kazi yangu kuuliza." Akaanza kulia. Mzee mmoja mpagazi, aliyebeba upande wa mbele wa jeneza la Mutwiri, alinijia akanishika kola. "Umetufanya tumwimbie Mutwiri mazishini kama mjinga," alisema. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Kijana mmoja akauliza, "Lakini ukungu ule, nani asingekosea?" Nikamjibu kwamba kosa la kwanza labda ni la yeyote. La pili ni langu peke yangu, nalo nililifanya nikiwa nimekaa, jua likiwaka, na kalamu mkononi.

Mwenyekiti mwenyewe aling'oa ripoti ya zamani. Mpya iko ubaoni. Beji yangu imechukuliwa, na safari za Pasaka nimeondolewa zote. Wameweka kanuni mpya: kijiti hakiguswi mpaka kiongozi amemwona kila mtu uso na kumhesabu kwa sauti, na wanaotenganishwa hawashuki mpaka wajibizane kwa filimbi. Wamekubaliana pia kwamba kukiwa na theluji mpya na ukungu vijiti vinaachwa, vinafuatwa siku ya jua.

Polisi nimeandikisha taarifa jana. Wameniambia nisisafiri mbali, faili itapelekwa juu. Nimekubali.

Nakala ya ripoti nimeiweka ndani ya bahasha hii, kwa ajili ya mzee.

Salesio


Kianjai,
Jumatatu, 28 Aprili 2025

Salesio,

Nilimsomea mzee ile ripoti mbele ya ndugu zake, nje, mchana, majirani wakiwepo kwenye ua. Nilipomaliza akasema, "Soma tena pale kwenye jina lake." Nikasoma. Akasema, "Tena." Kisha akainuka, akavaa koti, akaenda sokoni. Hakununua kitu. Alizunguka tu kila kibanda akisalimia watu, na wao wakimsalimia.

Wale vijana wa Pasaka wamerudi. Hawakufika kileleni. Theluji ilizidi, kiongozi wao akawahesabu akawageuza wakiwa wamebakiza saa moja. Wamelalamika hapa sokoni wiki nzima, kwamba wamechoka bure, kwamba huyo kiongozi ni mwoga. Mmoja alilalamika akiwa amesimama mbele ya cherehani yangu, anangoja nimtilie zipu kwenye jaketi. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na pua iliyobabuka na mdomo usiochoka. Sijafurahi kumsikia mtu akilalamika namna hiyo tangu mwaka uanze.

Usidhani nakuandikia kukusamehe. Mchungaji amekuja mara mbili na hilo neno, na mara ya pili nilimwambia anywe chai yake kwanza. Kuna siku naamka nikiwa nimekasirika na Mutwiri pia, kwa nini alienda mara ya tatu, kwa nini hakukaa juu ya jiwe na wale wengine aimbe nao. Halafu nakumbuka wewe ulikuwa wapi wakati huo, na hasira inarudi kwako.

Beverlyne alikuja Jumamosi na wenzake wawili. Walikaa na Ntinyari wakamweleza yote, pole pole, na yeye akawa anawauliza kama mwalimu. Walipoondoka akaniambia anakutaka wewe. Nikamwambia kila kitu kimo kwenye barua zako, akikua atasoma. Akasema hataki barua. Ana maswali yake, ameyaandika nyuma ya daftari la hesabu, sijaruhusiwa kuyaona.

Kwa hiyo njoo. Jumapili tarehe kumi na moja Mei, baada ya saa saba. Njoo peke yako, usilete mzee wa kukusemea. Usilete sukari wala unga. Utakaa nje naye, mahali ninapowaona, na chochote atakachokuuliza utakijibu, hata kile ambacho mimi hukuniambia.

Nitakuwa jikoni. Ukikwama, usigeuke kuniangalia. Sitakusaidia.

Makandi